Gari Lililosimama Makaburini

Dada Salma,

Nakusalimu wewe na wanao hapo Tanga. Huku Pemba mvua inanyesha na jua linawaka, na karafuu zinanukia kila ua.

Binamu yetu Hamadi ameleta gari linalojiendesha. Jana mchana alikuja nalo kutupokea bandarini Wesha, usukani ukizunguka wenyewe. Mimi nilipanda nikicheka. Shangazi Mize alikitolea salamu kiti kitupu cha dereva, na alipokosa jibu akagoma: "Sipandi na kisichoitikia salamu." Tulimbembeleza mpaka akaingia.

Kuna makaburi njiani, ambapo madereva wa huku hupunguza mwendo na kuwasalimu waliozikwa. Hapo gari likasimama ghafla. Barabara ilikuwa tupu. Lakini kwenye skrini tukaona umbo la mtu likivuka polepole, kisha jingine, kisha jingine.

"Wacheni wapite," Shangazi akanong'ona.

Gari likaondoka lenyewe.

Leo Shangazi amelipanda peke yake kwenda Chake. Anasema hajapata kuona dereva mwenye adabu kama huyu. Mimi niliyecheka naenda kwa miguu, na pale makaburini nasimama kwanza, nisijue nampisha nani.

Nibusie watoto, na uniombee dua.

Mdogo wako,
Asha