Mtoto Yule Alilelewa na Nani

Mpendwa Mama,

Jumamosi ile ulikuwa ukichambua mchele pale kwetu mtaani Mbotela, nami nikiwa bado nasomea ualimu wa baiolojia, nikaanza kukusimulia habari za Waneandathali. Nilikwambia walikuwa binadamu wa aina nyingine, wenye mifupa minene, walioishi Ulaya na Asia kisha wakatoweka. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini hawakuwahi kuchanganyika na watu kama sisi. Halafu wengine wakatoboa mifupa iliyolala mapangoni maelfu ya miaka, wakapata unga, na ndani ya unga ule wakasoma vinasaba. Wakakuta kwamba tulizaa nao. Watu wa Ulaya na Asia bado wanabeba sehemu ndogo ya urithi ule, na hata sisi Waafrika tunayo chembe, iliyoletwa na watu waliorudi huku zamani.

Mikono yako ikatulia juu ya sinia. "Na mtoto akishazaliwa, alilelewa na nani?"

Nikasema sijui.

"Basi tafuta," ukasema, ukaurudia mchele wako.

Nilielewa kwa nini uliuliza. Wewe ulitoka Murang'a, Baba Kakamega, mkakutana kiwandani hapa Nairobi, na Guka, baba yako, akakataa ndoa yenu kwa kuwa Baba hakuwa wa kabila lenu. Nikiwa darasa la tatu ulinivalisha gauni la kanisani ukanipeleka nikamwone. Alisimama langoni. Hakunisalimia. Akakwambia kwa Kikuyu, lugha uliyonifundisha jikoni, "Huyu mpeleke kwao."

"Kwao ni wapi, baba? Mimi ndiye mama yake."

Akafunga lango. Uliniketisha kando ya barabara, ukanivua viatu, ukavipangusa vumbi na kunivalisha tena, kana kwamba bado kuna mahali tunaingia. Kisha tukarudi Nairobi. Siku ile hukuitaja tena. Ulipougua ukatuacha, Guka hakuja kukuzika. Tulikulaza Kakamega, kwa watu wa Baba, nao walikulilia kama binti yao.

Nilitafuta, Mama. Jibu nililipata ukiwa umeshaondoka. Kuna taya la mwanamume wa kale lililookotwa pangoni huko Ulaya. Alikuwa mtu kama sisi, lakini vinasaba vyake vinaonyesha kwamba mmoja wa mababu zake wa vizazi vichache tu nyuma alikuwa Mneandathali. Maana yake kuna mtoto wa pande mbili ambaye uzao wake ulikulia huku kwetu, ukanyonyeshwa, ukalishwa, ukaoa na kuolewa. Kama walipendwa, mfupa hausemi. Ila hakuna mtoto anayefika utu uzima bila mtu wa kumfunika baridi. Siku nilipofundisha somo hilo shuleni hapa Donholm niliwapa wanafunzi mgongo, nikageukia ubao nikijifanya nafuta. Nilitamani kukupigia simu.

Mwezi uliopita mjomba, mdogo wako, alinipigia. "Mzee anaisha. Njoo tu," akasema.

Nilienda na hasira, yako na yangu. Guka alikuwa kitandani, macho yameingia ukungu. Alinishika mkono akaniita kwa jina lako.

"Wambui, umekuja."

Mjomba alitaka kumrekebisha, nikamtikisia kichwa.

"Mtoto yuko wapi?" Guka akauliza. "Nilimfukuza yule mtoto. Ulimpeleka wapi?"

"Yuko salama, baba," nikamjibu kwa Kikuyu chako. "Nilimlea mwenyewe."

Alilia bila sauti. Mimi pia nililia, kwa sababu maneno yale ya Guka yalikuwa yako, ni wewe uliyestahili kuyasikia, nami nimeyapokea kama mgeni anayepewa mzigo usio wake. Sijui kama nimemsamehe. Nilimshika mkono mpaka akalala, na siku chache baadaye akafa.

Kwenye mazishi walisoma majina ya wajukuu, na langu likasomwa. Watu wakageuka kunitazama. Niligeuka kando yangu nikuone kama umelisikia, na hapo nikakumbuka kwamba hupo.

Pumzika, Mama. Ninakukosa kila siku.

Binti yako.