Santuri za Baba Kornel Zilizokaa Juu ya Meko

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya masika ya 1983 ulipotuacha hapa nyumbani Kilema, mvua ikipiga migomba na sisi tumekizunguka kitanda chako. Migomba uliyoipanda nyuma ya banda imeshazaa. Ng'ombe wako bado anageuza shingo mtu akikohoa uani, akidhani ni wewe unaleta majani.

Mjini Moshi walikujua kama Kornel wa sinema. Miaka yote ile ulikaa katika kile chumba kidogo cha juu chenye joto, ukiendesha mashine ya picha, na kupitia kitundu cha ukutani ukatazama filamu moja mara nyingi hadi ukawajua watu wake kama majirani. Kihindi hukukijua zaidi ya salamu. Lakini ulijua nani anampenda nani, nani ni ndugu aliyepotea, na nani atakufa kabla taa hazijawashwa.

"Waigizaji wanabadilika," ulizoea kutuambia. "Leo huyu mrefu, kesho yule mwenye masharubu. Lakini wakianza kuimba, koo ni la mtu mmoja. Na yeye mwenyewe humwoni hata siku moja." Basi ukampa jina, ukamwita Mwenye Koo, na sisi tukakua tukidhani ni mjomba wetu wa mbali.

Yule mama mwenye jumba la sinema alipofunga mizigo kuhamia Ulaya na wanawe, alikuita akakukabidhi gramafoni yake ya betri na santuri tatu kubwa. Humo zilikusanywa nyimbo za Mwenye Koo kutoka filamu za zamani, zile zilizojaza ukumbi hadi watu wakakaa chini. Ulizipandisha mlimani umezifunga kwa kanga kama mtoto mchanga. Nyumbani zikaitwa Mkusanyo wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa na mkono wenye mafuta.

Ulikuwa mpole, Baba. Zamu yako ya maji ya mfereji ulimwachia mjane wa jirani kila kiangazi, ukisingizia kwamba mgongo unauma. Mgongo wenyewe tuliuona ukibeba mikungu.

Jumapili baada ya misa ulitoa gramafoni uani. Ulifuta santuri kwa pamba, ukaipuliza, ukashusha sindano taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Kisha ukatusimulia filamu, wimbo kwa wimbo. Uliopenda kuliko yote ulikuwa kwenye Mkusanyo wa Pili, wimbo wa fundi miavuli. Kijana anamtengenezea msichana mwavuli, msichana anahama mji, naye hawezi kumwambia kwamba anampenda. Anamkabidhi mwavuli tu, anaimba akimtazama mgongo. Karibu na mwisho ngoma zinanyamaza kidogo. Hapo uliinua kidole, ukanong'ona, "Sasa anageuka." Na sauti ya Mwenye Koo ikapanda.

Kila Jumapili, kidole kile kile. Sirili, mwanao mkubwa, alikuwa akiwakonyeza wenzake. Yuditha akisema, "Baba, huyo msichana mwaka huu hajachoka kugeuka?" Nawe ulicheka kuliko sisi.

Betri zilipoanza kuadimika ulizianika juani ili zipate nguvu kidogo, ukazipanga kwenye wavu mmoja na kahawa. Mama akalalamika, "Kornel, kahawa yangu itaanza kuimba." Ukamjibu, "Ikiimba, Anyesi, chama cha ushirika kitaipa daraja la kwanza." Jirani yetu Eliamini alipita njiani akasimama kusikiliza, nawe ukamwita, "Karibu, Mlutheri, uje usikie kwaya yangu." Akasema, "Meku," ndivyo alivyokuita, mzee kwa Kichaga, "hii kwaya haina Mungu ndani, lakini nitakaa." Akakaa. Akawa anakuja kila Jumapili, na kikohozi chake tulikisikia tangu kwenye kona ya njia.

Ulipougua tukakushusha hospitali mjini, Mama akaenda kukuuguza. Ukiwa umeshaketi kwenye gari ulimwita Priska, kitindamimba wako, yule aliyemaliza darasa la saba akabaki nyumbani na ng'ombe. Ulimwambia, "Masika yanakuja. Unyevu usiziingie santuri zangu. Nakuachia wewe kwa sababu wewe una macho."

Priska alilichukua neno hilo kwa moyo wote. Mvua ilianza, ukungu ukashuka hadi mlangoni, viatu vikaota kuvu chini ya kitanda. Akawaza, nyumba hii sehemu iliyo kavu siku zote ni ipi? Akaiona. Mbegu za mahindi tunaziweka wapi zisioze? Juu ya dari ya meko. Kuni za masika tunazikaushia wapi? Pale pale. Tangu bibi zetu, kitu cha thamani kinakaa juu ya moto, moshi unakilinda. Akapanda ngazi akazilaza santuri zako tatu kati ya mahindi, akazifunika kwa gunia safi. Na chini yake akakoka moto kutwa, kwa uangalifu, ili zisipoe.

Siku mliporudi, Baba, ukiwa mwepesi kama tita la majani, alipanda kuzishusha akakukaribishe nazo. Alipoitoa ya kwanza kwenye jalada alidhani macho yanamdanganya. Ilikuwa imejikunja ukingoni kama jani la mgomba lililoungua. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu imejikunja zaidi. Akakaa kwenye ngazi na mahindi yakimwangukia magotini.

Sirili alimkuta hapo. Akazitazama, akashusha pumzi. "Usimwambie. Mgonjwa hapewi habari kama hii. Akiuliza, tunasema betri hakuna. Na ni kweli, nchi nzima hakuna betri."

Na ilikuwa kweli, Baba. Siku hiyo ilikuwa kweli.

Lakini Eliamini alisikia kwamba umerudi na unatamani wimbo wako. Mwaka ule ndio wa kukamata wahujumu uchumi, mtu akikutwa na sabuni mbili alieleza zimetoka wapi. Yeye akateremka hadi mpaka wa Kenya, nao umefungwa, akarudi na betri kutoka Taveta kazificha chini ya mawe ya magadi kwenye kikapu. Alifika mchana na matope hadi magotini, akamkuta Priska kwenye mlango wa jiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chukua haya magadi." Akakohoa, akacheka. "Chini yake kuna ya kumpikia Meku wimbo. Mwambie nitakuja Jumapili kusikiliza, sasa hivi nanuka kama mbuzi."

Priska alipokea kikapu kwa mikono miwili. Sirili akaja nyuma yake, akashukuru sana, akamsindikiza mzee hadi njiani. Aliporudi akazichukua betri, akazizamisha kwenye debe la maharage.

Jioni uliuliza, "Eliamini hajapita?"

"Hajapita, Baba," akasema Sirili.

"Na betri?"

"Hakuna, Baba. Tumetafuta."

Kisha ukatabasamu, ukasema, "Basi niimbieni ninyi. Ule wa miavuli."

Tulitazamana. Yuditha akacheka kidogo, kicheko cha aibu, akasema, "Baba, sisi Kihindi tutakijulia wapi?" Miaka yote ile tulikaa na wewe uani, tukikonyezana, na hatukushika hata mstari. Priska aliushika. Aliujua kuanzia mwanzo hadi pale ngoma zinaponyamaza, angeweza kukuvumishia. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango na wimbo wote kooni. Hakuutoa, kwa sababu kuuimba kungemlazimu akutazame machoni.

Ukamwomba Mama akuletee Mkusanyo wa Pili uushike tu. Mama hakujua lolote, akauleta katika jalada lake. Uliuweka kifuani. Priska, kupitia ufa wa mlango, aliona vidole vyako vinatembea juu ya ukingo wa jalada, vinafika pale palipovimba, vinasimama. Aliona ukilipeleka puani jalada lile lililonuka moshi. Halafu ukaomba maji.

Hilo ndilo alilobaki nalo mwaka mzima, Baba. Je, ulijua? Uliondoka ukijua kwamba watoto wako wamekudanganya kitandani? Akikamua, vidole vyako vinatembea. Akikoka moto, vinasimama. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi.

Nasi tukaongeza juu yake. Siku ya mazishi Eliamini, aliyezuiwa na mafuriko ya mto asifike ile Jumapili, alimshika Sirili mkono mbele ya kaburi. "Alisikia? Niambie tu kama alisikia." Sirili akasema, "Alisikia, mzee. Alifurahi sana." Mzee yule alilia kwa furaha, akaomba radhi kwa kulia hivyo msibani. Tulisimama pale wote, hakuna aliyesahihisha.

Jalada lile tulilirudisha kabatini likiwa limefungwa, na hakuna aliyethubutu kulifungua.

Juma lililopita, tulipokuwa tunatengeneza mahali pa kupokelea wageni wa misa yako ya kumbukumbu, Mama alitaka picha ya kuweka mezani. Wewe picha hukupenda. Akasema, "Wekeni Mkusanyo wa Pili, ndiyo sura yake." Priska akalitoa jalada, akalipangusa vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile akalifungua. Santuri ilipotoka, jani likaanguka miguuni pake. Jani la isale, lililofungwa fundo, limekauka.

Msomaji asiye wa huku na ajue kwamba isale ndilo jani la kuombea msamaha. Aliyekosa hulifunga fundo akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kulikataa.

"Mama, nani ameliweka?"

Mama aliliokota. "Baba yenu. Jioni ile ile. Aliniambia nikamkatie isale pale mpakani mwa shamba letu la kihamba. Nikamuuliza, mgonjwa kama wewe umemkosea nani? Akasema, 'Priska. Nimempa mtoto kazi nisiyomfundisha, na sasa namlazimisha aseme uongo. Kikohozi cha Eliamini nimekisikia tangu kwenye kona.' Nikasema nimwite. Akakataa, akasema, 'Usimtie aibu mbele yangu. Akifungua atalikuta.' Nami nikajua mngefungua baada ya matanga. Nilipoona kimya, nikadhani mmelikuta, mmelipokea."

Priska alikaa chini pale pale sakafuni. Ulijua, Baba. Ulijua, na aliyeomba msamaha ukawa wewe. Na sisi tukaliacha jani lako gizani mwaka mzima, kwa kuogopa kufungua jalada.

Isale halikataliwi. Tumelipokea, ingawa mikono yetu haikustahili. Hatusemi kwamba sasa tumepumzika. Mtu aliyesamehewa kabla hajakiri analemewa kuliko aliyefokewa, na tungependa ungetufokea.

Tulikata masale mawili mabichi. Moja tulilipeleka kwa Eliamini, Sirili akiwa mbele, na hili tunaliandika hapa ili waliomwona akilia kwa furaha msibani nao wajue: mzee, wimbo haukupigwa. Eliamini alilishika jani, akakohoa, akaiacha chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Nilibeba magadi yale bure, basi. Mgongo wangu uliuma kweli, siyo kama ule wa Meku." Akajifuta macho. "Betri mmezipeleka wapi?"

"Kwenye debe la maharage, mzee."

"Mnakula maharage ya Taveta mwaka mzima, hamsemi." Akasimama. "Leteni gramafoni."

Baadhi ya betri zilikuwa zimevuja, zilizobaki zilitosha. Tuliiweka gramafoni karibu na kaburi lako, tukapanda isale la pili kichwani pako, na Priska akashusha sindano. Mkusanyo wa Pili ulizunguka ukipanda na kushuka kama mtumbwi. Sauti ya Mwenye Koo ikayumba kama mlevi anayepanda mlima. Tuliwaza Yuditha atacheka. Hakucheka. Karibu na pale ngoma zinaponyamaza, sindano iliruka, ikarudi nyuma, ikaruka tena, ikakwama. Haikutaka kufika.

Priska akaiinua sindano. Akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, akaimba kipande kilichobaki, bila maneno, kwa mvumo tu, akilitazama kaburi. Alipofika kwenye kimya kile Mama aliinua kidole.

"Sasa anageuka," akasema.

Nasi sote tuliinua vichwa, Baba, kama kweli.

Unakumbukwa na mkeo Anyesi. Wanao Sirili, Yuditha na Priska. Wakwe na wajukuu zako. Mjane wa mferejini. Na rafiki yako Eliamini, ambaye Jumapili hii pia atakuja. Misa itasomwa parokiani Kilema, kisha karibuni nyumbani. Siku zote za maisha yetu hutatoka mioyoni mwetu, Baba, na safari hii tunasema kweli.