Mshumaa wa Dona Zuleide

Neide, uko wapi?? Dada yangu Iracema nusura aungue kichwa! Hapa saluni, na harusi yake ni kesho!

Si unamjua Dona Zuleide, yule mama msusi, anasokota nywele halafu anapitisha mshumaa ili zile ncha zilizopasuka ziungue. Akamwuliza Iracema, "Mwanangu, hujapaka mafuta?"

"Sijapaka, Dona."

Akamwuliza tena. "Sijapaka!"

Neide, ALIKUWA AMEPAKA! Mafuta ya nazi, eti Dona asione nywele zilivyokauka!

Moto ukapanda mpaka sikioni. Dona akamrukia na taulo la maji. Saluni nzima harufu ya kuungua tu.

Iracema akauliza kwa sauti ndogo, "Ncha zilizopasuka zimeisha?"

Dona akapuliza mshumaa. "Zimeisha, mwanangu. Pamoja na nywele."