Baba Yetu Kanno Tadayoshi na Sentensi Aliyokataa Kuifuta

Mwaka umetimia, Baba, tangu uondoke katikati ya kazi, ukimenya matunda ya kaki ya kuanika. Yaliyobaki tuliyamenya sisi, vibaya, na Mama akasema ungeyatupa yote.

Ulikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mpaka mtambo wa nyuklia wa pwani ulipolipuka, tukahamishwa kutoka kijijini kwetu. Hata ng'ombe walipokwisha, uliendelea kuamka saa ya kukamua. Uliosha ndoo zisizo na kitu, kisha ukamchemshia Mama chai. Hukuwa na makuu. Ulikuwa mbishi tu, na kila siku ulizidisha chumvi kwenye supu.

Jumba la kumbukumbu ya ajali lilipofunguliwa, ukajiandikisha kuwa msimulizi. Mama alikucheka. "Baba Kazue, maneno yako yote umeyamalizia kwa ng'ombe. Watu utawaambia nini?"

"Yale yale," ukamjibu. "Ng'ombe hawakuwahi kulalamika."

Ulisimulia vizuri. Uliwachekesha wageni kwanza, kisha ukafika kwenye sentensi yako: "Watoto wetu walicheza nje penye sumu, kwa sababu waliojua upepo unaelekea wapi walinyamaza." Bwana Shiga, msimamizi wa wasimulizi, akakuomba uifute, maana kanuni za jumba zilikataza kulaumu kampuni au serikali. "Mzee Kanno, simulia huzuni, usitaje kosa," alisema. Ukaitikia kwa heshima, na kwa muda ukaacha kuisema.

Ndipo siku moja mama mmoja kutoka Osaka akauliza, "Lakini watoto mliwaachaje nje?"

Ukamgeukia Bwana Shiga. "Mgeni ameuliza. Nimjibu, au nimwache adhani wazazi wa huku wote ni wapumbavu?"

Shiga akakohoa. Ukajibu, yote. Mwezi uliofuata jina lako halikuwemo kwenye zamu.

Mimi Kazue, binti yako, ndiye ninayeandika haya, na nataka nikushukuru. Minori wangu alikuwa mmoja wa watoto wale. Siku ile mimi mwenyewe nilimfungia kamba za viatu nikamwambia akacheze. Swali la yule mama nimejiuliza kila mara mtoto alipopata homa. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kulijibu mbele za watu kwa namna iliyoniondolea mzigo.

Vuli hii Bwana Shiga alikuja nyumbani na boksi la keki za maharage. Alifukiza ubani mbele ya picha yako, akainama muda mrefu. Hatumchukii. Alisema jumba linataka kuweka ukutani video yako ukisimulia, wageni wakuone miaka yote, ila sentensi ile itakatwa.

"Mama, si mimi," alisema. "Ni kanuni."

"Najua si wewe, mwanangu," Mama akamjibu huku akimwongezea chai. "Tangu mtambo ule ulipuke sijakutana na mtu hata mmoja aliyesema ni yeye. Mume wangu mchukueni mzima, au mwacheni."

Wamekuacha. Video imebaki kwao, na sisi hatuna nakala. Inatuuma, Baba, kwa maana sauti yako haipo pengine popote. Ndugu yangu Hidenobu amesema afadhali tungekubali. Mama hakugombana naye, alimpa tu kaki.

Jumamosi iliyopita, baada ya ibada yako ya mwaka hekaluni, Mama aliomba kusema kidogo. Huyu ambaye hata kwenye harusi yangu alikisukuma kipaza sauti! Aliwasimulia majirani kisa chako tangu mwanzo. Alichanganya majina ya ng'ombe, akasahau kile kisa chako cha lori kukwama kwenye theluji, akarudi nyuma mara kadhaa. Alipofika kwenye sentensi yako alivuta pumzi, akaisema polepole, neno kwa neno.

Minori, ambaye sasa ni mtu mzima, alikuwa akilia. Akamshika Mama mkono.

"Bibi, sema tena."

Mama akaisema tena.

Tunaokukumbuka ni mkeo Tomeko, wanao Kazue na Hidenobu, mjukuu wako Minori, na majirani wa kijiji chetu popote walipohamia. Tutakukumbuka daima, Baba, ukiwa mzima hivyo hivyo.