Mama wa Ubatizo

Aracaju, Oktoba 1942

Dada yangu mpenzi Doralice,

Pokea salamu zangu nyingi. Kifua chako kinaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ingawa moyo wangu haujatulia, na nitakueleza kwa nini.

Ulisikia jinsi nyambizi ya Wajerumani ilivyoizamisha meli ya Santa Iria mwezi wa nane, na jinsi Abdias wangu, mchochea tanuri, alivyofika pwani akiwa hai. Nilimshukuru Mungu mpaka sauti ikanikauka. Usilosikia ni kwamba hakufika peke yake. Alielea juu ya ubao mmoja na abiria, Otília, mshonaji wa Recife, mrembo hata alipokuwa amejaa mafuta ya meli.

Watu wake wote walizama, basi amebaki hapa mjini. Abdias humpelekea samaki na unga wa muhogo. Nikimuuliza, hunijibu kwamba siwezi kuelewa kwa kuwa sikuwepo. Ni kweli sikuwepo! Nilikuwa hapa nafua mashati yake. Sokoni wananitania: “Zulmira, shoga, kumbe mumeo kaoa baharini! Mbona hatukualikwa?” Nacheka nao huku roho inaniuma. Dada, nauonea wivu hata ule ubao.

Sasa sikia nilichofanya. Nina mimba. Unajua kwetu baba wa mtoto na mama wa ubatizo huwa kama ndugu wa tumbo moja, wakitamaniana ni laana. Basi Jumapili nilimwalika Otília, nikampakulia mchuzi wa kaa, na mbele ya Abdias nikamwomba awe mama wa ubatizo wa mwanangu. Nilijiona mjanja kweli.

Nilitegemea atatafuta visingizio. Wapi! Alinikumbatia akalia, akasema hakudhani kuna mtu angemkabidhi tena mtoto, baada ya wake kumponyoka mikononi majini. Niliona haya, nikalia naye.

Aliyekataa ni Abdias. Alisukuma sahani, akasema hayo ni mambo ya ukoo, tutafute mtu mwingine, yeyote, ila si huyo. Otília alimtazama kwa mshangao, masikini, hakuwa na habari ya yaliyo moyoni mwa mume wangu. Mimi nikatoa vyombo mezani.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Niandalie kitanda, nakuja kujifungulia kwako. Na uandae cha pili, maana Otília nakuja naye.

Ni mimi mdogo wako,
Zulmira