Sungura Hawazikani

Morogoro, 4 Februari 1989

Mae, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwenu tu. Dada Jovita anaendeleaje? Nilipoondoka alikuwa bado anakula ndizi kidogo.

Jirani yetu Kokugonza kaniandikia kwamba sauti yako imekauka tangu Krismasi. Mbona hukuniambia? Hapa chuoni ndiyo kazi yetu sasa: tunawafukizia sungura moshi wa kuni sandukuni, kisha tunachunguza makoromeo yao. Yanavimba, na uvimbe wenyewe haushuki. Lakini tukiwatoa kwenye moshi, wengi wanapona. Basi Mae, acha kubanika samaki kwa moshi, na jiko lihamie nje. Utapona, nakuhakikishia.

Mwanao, Gamaliel

Kimwani, 12 Machi 1989

Mwanangu Gamaliel,

Marahaba, waitu, mpenzi wangu. Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Jovita ameshuka sana, namgeuza kitandani kama mtoto. Wanasema ni Juliana, huu ugonjwa wa kukonda unaotumaliza. Wanaokuja kumjulia hali wanasimama mgombani, ndani hawaingii.

Samaki nimeacha. Napika nje, mvua yote hii inaniishia mwilini, na sauti bado inakwaruza. Hebu nikuulize wewe msomi: hao sungura wako wanazikana? Maana wiki hii nimeimbisha kwenye kaburi la Rugaibula, na la binti wa Bernadina, mwenzangu wa kwaya. Kwaya imepukutika, watu wanaogopa kusogea. Nisipoanzisha wimbo mimi, mtu anafukiwa kimya kama mbwa.

Mama yako, Kokuhirwa

Morogoro, 29 Machi 1989

Mae, shikamoo. Poleni sana na hali ya Jovita. Nimeshindwa kula tangu nisome.

Swali lako nilimsomea mwalimu wetu. Akacheka, kisha akaenda kuwatazama tena sungura. Kweli, sungura akitoka sandukuni anakaa kimya, koo lake linapumzika. Wewe umetoka kwenye moshi ukaingia kwenye vilio. Nilikosea kukuhakikishia. Nakupigia magoti Mae: usiimbe, usilie, hata kunong'ona usinong'one. Bernadina aimbishe. Ukilichosha tena koo hilo, sauti yaweza isirudi kabisa.

Mwanao, Gamaliel

Kimwani, 9 Juni 1989

Gamaliel mwanangu,

Marahaba. Keti kwanza.

Nilikutii. Tangu barua yako ifike nimekaa bubu. Makaburini nasimama tu, Bernadina anaimbisha na kukosea kila ubeti. Nyumbani naongea kwa mikono. Jovita alinicheka mpaka akapaliwa. Wiki iliyopita nilijaribu kuita kuku, loo, sauti ikaitika! Nilifurahi, nikasema nitakuandikia.

Jumanne alfajiri dada yako alitutoka. Unajua kwetu: mama asipopiga yowe, hakuna msiba, na jirani havuki mgomba. Nilikaa naye nikimfunga kidevu, nikiwaza ulichoniagiza. Nikasema, nikinyamaza, nani atakuja kwa mgonjwa wa Juliana? Nikatoka uani nikalia. Sauti ilitoka yote, mwanangu, ile ya usichana wangu. Walikuja hata wa ng'ambo ya barabara, wakaingia ndani, wakambeba kwa mikono yao.

Sasa haipo, hata ya kunong'ona. Wala sijuti. Waambie walimu wako dawa ilikuwa imefanya kazi.

Njoo uone kaburi.

Mama yako, Kokuhirwa