Reli za Baba Bustanini

Karakana, 10 Februari

Kwako mdogo wangu Breki,

Kichwa cha ile treni ndogo ya Baba ya kuchezea bustanini kilizama kwenye bwawa la samaki juzi Jumapili, mchana wa jua kali. Kimeburuta mabehewa mawili na mota imekufa. Haya nimeyasikia kwa Baba mwenyewe kwenye simu, si kwako.

Lakini hata hasira ina adabu yake. Hujambo? Wifi hajambo? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama nikichomelea mageti ya watu kutwa.

Haya, sasa tuongee. Reli ile niliitandika kwa mikono yangu, likizo baada ya likizo, nimepiga magoti kwenye udongo na wewe umenishikia mwavuli huku ukilalamika mkono unakufa ganzi. Mita arobaini na nane kutoka ngazi za baraza, nyuma ya mpera, kando ya bwawa na kurudi. Kila kiungo niliacha nafasi ya unene wa kadi ya benki. Sikuiacha kwa uvivu. Shaba ikipigwa na jua inarefuka, na kwa mita zile inarefuka kama sentimita mbili na nusu. Ukiinyima nafasi itaenda wapi? Itaenda kando. Baba anasema pale kwenye kona ya bwawa reli "zilitoa tumbo." Reli haishiki mimba yenyewe, Breki. Kuna mtu amekwenda kuziba zile nafasi.

Umemwingiza fundi gani bustanini? Nitajie jina lake, mengine niachie mimi.

Dada yako


Nyumbani, 15 Februari

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo kiasi. Wifi yako anakusalimu, anasema pole na mgongo.

Hakuna fundi. Ni mimi.

Mvua za mwaka jana zilivyokolea, viungo viliota kutu ya kijani na umeme ukawa haufiki upande wa pili. Treni inakwenda vizuri, ikifika nyuma ya mpera inakata roho. Na Baba unamjua, haiti mtu. Anashika fimbo, anashuka ngazi, anakwenda kuisukuma. Novemba alianguka. Nyonga haikuvunjika, ilipata ufa. Alilala hadi karibu na mwisho wa mwaka. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Dada yako akisikia atakuja na mashine yake anichomelee kwenye kiti."

Basi nikakaa chini na bunduki ya kulehemu, kila nikitoka kazini, nikaunganisha kiungo kimoja kimoja, pande zote mbili, umeme upite bila kukatika. Ukapita! Alipoinuka kitandani akaikuta treni inazunguka haisimami hata mara moja. Alicheka mpaka akakohoa. Nikajiona mhandisi. Halafu joto likaja.

Na kuna ambalo hakukwambia. Kichwa kilipozama, alishuka tena. Nilimkuta amesimama ndani ya bwawa, maji magotini, amekikumbatia kile kichwa kama mtoto aliyeokolewa. Daktari alishasema ngazi zile asizishuke bila mtu. Treni ikiwepo atashuka, hilo wewe na mimi tunalijua. Kwa hiyo Jumamosi hii inayokuja naing'oa reli. Yote.

Usinipigie simu. Ninaongelea sebuleni na Baba masikio yake bado mazima.

Mdogo wako


Karakana, 19 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini Baba anaendelea vizuri. Safari hii nakuuliza kwa kumaanisha, maana tangu Novemba nimekuwa nikiuliza "Baba hajambo?" nawe unanijibu "Hajambo, dada," na mtu yuko kitandani ana ufa wa nyonga. Ninyi wawili mmenifanya mpumbavu kwenye simu yangu mwenyewe.

Kuhusu viungo: unachukua kipande cha waya laini, kifupi kama kidole, unakilehemu huku na huku kwa upinde kidogo, juu ya nafasi. Umeme unapita, nafasi inabaki, reli inapumua. Ungeniuliza ningekujibu kabla sijameza chai.

Kuhusu ngazi una haki. Lakini kama Baba hawezi kushuka kwa treni, treni ipande kwa Baba. Nimeshapiga hesabu. Mzunguko mwembamba juu ya stendi za chuma, unaopita mbele ya baraza usawa wa mkono wake akiwa kitini. Kona kali kuliko zote inayokubalika na mabehewa yale ni nusu kipenyo cha sentimita sitini, kwa hiyo upana ni mita moja na ushee. Ikikwama upande wa mbali, fimbo yake inafika bila yeye kuinuka. Reli zikitoka mita kumi na saba zinatosha, nyingine tuziweke akiba. Mota mpya naileta mimi.

Nipimie urefu wa baraza. Na using'oe hata msumari kabla sijapata vipimo.

Dada yako


Nyumbani, 12 Machi

Dada, shikamoo. Nisamehe kwa kukawia.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeshang'oa.

Baba hakugomba. Laiti angegomba! Alikaa barazani akanitazama mpaka nikamaliza, akaniambia, "Ahsante, baba, umefanya kazi." Tangu siku hiyo amegeuza kiti, anatazama ukuta. Chakula anakula akiambiwa ale. Wifi yako alimwuliza kama kiti kirudishwe kilivyokuwa, akajibu, "Nikatazame nini?"

Baraza ni mita nane na nusu. Nimekupimia mara mbili. Lakini sijakupimia ili uje ujenge, nataka kwanza unisikilize.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wewe unakuja, unajenga, mtaa mzima unakusifu, Jumatatu uko kwenye basi. Nani anafagia majani relini asubuhi? Nani anabandua konokono? Nani anamnyanyua Baba bafuni? Nikitoka kazini naingia kazini. Stendi zako zitakuwa imara, sibishi, lakini reli isiyotunzwa ni mtego, iwe chini au iwe juu. Itakwama tena, fimbo itakosa, naye atainuka kitini. Siku hiyo wewe utakuwa wapi? Utaniandikia barua yenye vipimo.

Siwezi tena, dada. Sijasema sitaki. Nimesema siwezi.

Mdogo wako


Karakana, 17 Machi

Mdogo wangu Breki,

Salamu kwako, kwa wifi, na kwa Baba anayetazama ukuta.

Barua yako niliianza nimesimama nikaimalizia nimekaa. Niliandika jibu la kwanza, lilikuwa kali. La pili likawa kali zaidi. Nikayachana yote kwa sababu nilipofika kwenye swali lako la nani anamnyanyua Baba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na hesabu ya kuweka.

Nimefanya hivi. Stendi ishirini na nne ziko tayari, zimepakwa rangi mara mbili. Karakana nimemwachia mshirika wangu, na mashine yangu ndogo naichukua. Mageti yanavunjika kila mji, nitapata kazi huko. Ninachotaka ni kile chumba cha nyuma chenye majembe. Majani nitafagia mimi, konokono nitabandua mimi. Baba tutamnyanyua kwa zamu, na zamu ya kwanza yangu.

Lakini nyumba ni yenu, wewe na wifi. Sitaki kuja kuwa bosi kwenye uwanja wa watu, najua mdomo wangu. Nikizidisha, mniambie mezani usoni, msinifiche kama mlivyonificha nyonga. Na kama hamnitaki ndani, pia niambieni. Nitaumia, ila nitaelewa.

Kwa hiyo usiniandikie "tutaona," wala "wewe ndiye mkubwa, amua." Kaa na wifi, zungumzeni, mfunge mlango. Lori la mteja wangu linapita huko Jumanne, tarehe 24. Litaondoka hapa saa sita mchana, likiwa na stendi na mimi juu yake, au likiwa tupu.

Toka nje ya geti, mbali na masikio ya Baba, unipigie kabla ya saa hiyo. Neno moja tu nalitaka, Breki. Nije kuishi nanyi: ndiyo au hapana?

Dada yako